Kichwa cha Sindano kwa Masikio ya Mzee Kumagai

Masta Negishi alikuwa kinyozi, akaacha kazi kwa sababu moja tu: wateja walikuwa wakiongea. Yeye ameweka santuri ya jazi, tarumbeta inalia vizuri, halafu mtu kakaa kitini na povu shavuni anamsimulia habari za viazi! Hakuweza. Akauza viti, akauza vioo, akafungua mgahawa wa kahawa na jazi hapa hapa mjini Hakodate, ukuta kwa ukuta na duka langu la ngisi. Sheria ya nyumba ni moja: santuri ikizunguka, funga domo. Unataka kahawa, nyosha kidole. Mimi Fumi, ambaye marehemu mama alisema nilizaliwa nikijibu, nimefukuzwa mle mara nyingi kuliko paka wa sokoni. Na bado narudi, maana, haki ya nani, muziki wa mle unakushika roho.

Ng'ambo ya barabara yuko Mzee Kumagai, mtengeneza tambi za soba. Kila adhuhuri humletea Negishi bakuli lake, anainama, analiweka, anaondoka bila kufungua kinywa. Negishi alimheshimu ajabu. "Yule ndiye mtu pekee mtaani anayejua thamani ya kimya," aliniambia, huku amenikazia macho.

Sasa, mzee ana binti mmoja, Sayoko, na Sayoko anapiga besi, ile kubwa ya mbao inayompita mwenyewe kimo. Mwaka ule, wa sabini na sita, alikwenda Sapporo akarekodi santuri na kikundi cha vijana. Bendi moja ya Tokyo ikamsikia, ikamwita. Baba mtu akasema thubutu! Tambi atakata nani? Wakavutana weee, mpaka mzee akatoa neno: "Jumapili nitakwenda kwa Negishi, nisikilize upande mmoja wa hiyo sahani yako. Nikikusikia humo ndani, panda feri uende Tokyo. Nisipokusikia, besi unauza na unabaki hapa." Na mzee yule neno lake likishatoka halirudi.

Sayoko akaja mbio mgahawani, santuri kwapani, machozi yanamlenga. Mimi nilikuwepo. "Masta, nisaidie. Baba lazima anisikie, na yeye hana..."

Santuri ilikuwa inazunguka. Negishi akaweka kidole mdomoni. Wimbo ulipokwisha, alikuwa ameshaichukua santuri ya msichana, anaigeuzageuza, macho yanang'aa. "Atakusikia, mwanangu. Mpaka pumzi zako atazisikia. Ni kuchagua kichwa tu."

"Lakini Masta, baba yangu..."

"Niachie mimi!"

Sikio la kufa halisikii dawa.

Kwa asiyejua, sindano ya gramafoni imefungwa kwenye kidude kidogo mbele ya mkono. Sisi tunakiita kichwa. Badilisha kichwa, na wapigaji walewale wanageuka watu wengine kabisa. Kwa hiyo wiki ile Negishi alifunga mlango mapema, akatuita kuchagua: mimi, kwa kuwa nilikataa kuondoka, na Hatakeyama, daktari wa meno, ambaye ana masikio makali na majivuno yanayolingana nayo.

Jamani, raha niliyoipata! Kichwa cha kwanza kilikuwa cha Negishi mwenyewe, cha kila siku. Sauti safi, hakuna ubaya. Cha pili daktari alikileta kwenye kiboksi cha hariri, kipya, chepesi, hata mkewe haruhusiwi kukipangusa vumbi. Negishi alipokiweka, mpiga tarumbeta akaingia chumbani. Nakwambia aliingia! Ulimsikia akilamba midomo. Matoazi yakamwagika moja moja, na besi ya Sayoko ukasikia hadi kidole kikiteleza kwenye uzi. Nywele zilinisimama.

Cha tatu kilikuwa kikongwe, kinene, kilichotupwa na kituo cha redio. Negishi hukitumia kwa santuri zilizochubuka. Kikalia bum, bum, bum.

"Hiki kinaongea kama mlevi," daktari akasema.

"Mimi hiki kinanifurahisha tumboni," nikasema.

"Mama Fumi, muziki hausikilizwi kwa tumbo."

Wakacheka, wakachagua cha daktari. Nami, mbele ya ile tarumbeta, nikakubali bila kinyongo, nikasahau hata kichwa kinachaguliwa kwa ajili ya nani.

Jumapili Mzee Kumagai akaja na koti lake la harusi na kofia. Akakalishwa katikati, mbele ya spika. Sayoko akasimama ukutani, amejikumbatia. Negishi akashusha sindano, na loo, ilikuwa tamu kupita siku zote! Daktari akafumba macho. Mimi chozi hili hapa. Namtupia mzee jicho, namkuta amekunja uso, anaziangalia spika moja baada ya nyingine.

Wimbo ukaisha. Mzee akamgeukia binti yake, akasema kwa sauti ya mtu anayeita feri: "KELELE NAZISIKIA. WEWE UKO WAPI HUMO?"

Sayoko alibadilika rangi. Negishi, maskini, akaongeza sauti mpaka vikombe vikacheza. Mzee akatikisa kichwa, akainuka nusu.

Hapo nikashindwa. "Masta! Huyu mzee hasikii! Ile mashine yake ya kusagia unga wa tambi imemla masikio!"

Negishi akanitazama kama nimemmwagia maji. "Hasikii? Si anapenda kimya?"

"Kimya gani! Sauti yangu hii nyembamba haimfikii hata nikikauka koo. Lakini mume wangu, na ile sauti yake nzito ya besi, akinong'ona nyuma ya duka, mzee anageuka!"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie saa ngapi, na mdomo umenifunga wewe?"

Masta Negishi akaigeukia gramafoni. Akaunyanyua ule mkono, akakifungua kichwa cha daktari, akapachika kile kinene, akasogeza kile kizito cha nyuma ya mkono. Mikono ya kinyozi hiyo!

"Masta, utaiua tarumbeta!" daktari akalia.

"Tarumbeta ife!"

Sindano ikashuka. Matoazi yakapotea, tarumbeta ikaenda kulilia chumba cha pili, na kutoka sakafuni ikapanda besi. Iliingia miguuni, ikapanda magotini, meza ikaanza kuguna. Mzee Kumagai akakaa. Akaweka kiganja mezani, akakiacha hapo. Humo kwenye santuri wenzake Sayoko wakanyamaza, akabaki yeye peke yake anapiga, na mzee akavua kofia, akainama mpaka paji la uso likaigusa spika.

Upande ukaisha. Hakuna aliyethubutu kuinua sindano.

"Umejifunzia wapi hii?" mzee akauliza, macho yako kwenye midomo ya binti yake.

Sayoko akatamka polepole, ayaone maneno. "Nyumbani, baba. Chumba cha juu. Wewe ukiwa chini na mashine."

"Nyumbani mwangu?"

"Nilikuwa nafunika nyuzi kwa blanketi, usije ukakasirika."

Mzee akaipangusa spika kwa mkono wa koti, kama vile aliichafua. "Miaka yote hiyo ulikuwa juu ya kichwa changu," akasema, na safari hii kwa sauti ndogo kabisa, "na mimi nikidhani nyumba yangu imenyamaza."

Daktari wa meno alikuwa analia waziwazi. Kesho yake Mzee Kumagai hakufungua duka. Aliibeba besi mwenyewe mpaka kwenye feri, akamkatalia kila aliyetaka kumsaidia.