Ndoano ya Kliniki

Kwa siku kadhaa nilikosa usingizi nikijiuliza kama nimpeleke binti yangu kliniki. Alikuwa anakonda, nami, pamoja na digrii yangu, niliiogopa mizani niliyoiona pale ikining'inia kwenye ndoano.

Utotoni tuliishi Dagoretti, karibu na machinjio. Kila nilipopita niliona mbuzi waliochunwa wametundikwa, wakipimwa mmoja mmoja. Alasiri moja mama alitupeleka kliniki, mimi na mdogo wangu Kamau. Ndani palinuka dawa, lakini upepo ulituletea pia ile harufu ya damu. Nesi alimvika Kamau suruali ya turubai, akamtundika kwenye ndoano ya mizani. Kamau akazunguka polepole, akinitazama.

"Huyu bado, mama," nesi alisema. "Mpe uji wa maziwa, umrudishe mwezi ujao."

Kisha akatundikwa mtoto mnene wa jirani yetu. "Ona huyu alivyojaa! Leo ataingia ndani."

Mlango ulifungwa. Nikasikia kilio kimoja kikali, halafu kimya.

Njiani kurudi nyumbani nilimshika mama nguo. "Mama, usimpe Kamau huo uji."

Sasa najua ilikuwa sindano ya chanjo tu. Hata hivyo, jana asubuhi, nesi aliponyoosha mikono kumpokea binti yangu, nilirudi nyuma hatua moja.

"Wacha nimweke mwenyewe, sista."

Nikampitisha miguu kwenye suruali, nikaitundika kwenye ndoano, nikamwachilia.