Mfuko wa Maji Shingoni Mwangu

Nilikuwa mama wa watoto wakubwa, nauza vitenge sokoni Bwera, mji wa mpakani, uvimbe uliponitokea upande wa kushoto wa shingo. Haukuuma. Ulikuwa laini kama puto lenye maji, na kila nilipopata mafua ulijaa hadi kumeza kukawa kazi.

Wengine walisema ni rovu, uvimbe wa tezi ya shingo. Shemeji yangu wa Karambi alisema nimerogwa. Aliyenisukuma kwenda kutibiwa ni mwenzangu wa meza ya jirani, Mkongomani wa Butembo.

“Mama, hii kitu iko inaongezeka,” aliniambia. “Enda kwa dokta!”

Daktari wa Bwera aliyavuta maji kwa sindano. Yalikuwa ya manjano, kama chai nyepesi. Nilirudi nyumbani nikiimba. Mwezi haukuisha, uvimbe ukajaa tena. Nikamrudia kwa hasira.

“Sitaki kuvutwa maji tena. Nataka kujua ni nini.”

Alinituma hospitali ya Kasese kupigwa picha ya ultrasaundi. Daktari wa upasuaji alituonyesha, mimi na mume wangu, vyumba vyeusi ndani ya uvimbe kwenye kioo cha mashine.

“Ni mfuko wa maji ya limfu, yale yanayopita mwilini katika mishipa yake,” alisema. “Sana sana tunauona kwa watoto. Kwa mtu mzima ni nadra. Hauonekani kuwa saratani, lakini tutahakikisha.”

Kulikuwa na dawa ya kuchomwa kwa sindano ili mfuko usinyae, ila kwa vyumba vingi vile huenda vingine vingebaki. Kuukata kungeutoa wote, lakini ulikuwa umelalia neva inayoendesha mdomo, na ikiguswa mdomo ungeweza kulegea.

“Kama si saratani, tuuache,” mume wangu alisema.

“Wewe hujameza uji ukahisi mtu amekukaba koo,” nilimjibu. “Mimi nitakatwa.”

Mume wangu alimuuliza daktari kama anaruhusiwa kulala wodini nami.

Nilipozinduka, shingo ilikuwa imefungwa bandeji na mdomo umelegea upande mmoja. Maziwa yalinichuruzika kidevuni. Nililia siku ile tu. Kesho yake nilianza mazoezi mbele ya kioo: kupuliza, kutabasamu, kubana midomo, asubuhi na jioni, hata mume wangu akinicheka. Majibu ya maabara yalithibitisha kuwa si saratani.

Mdomo ulirudi polepole, ingawa nikichoka bado huvutika kidogo. Uvimbe haujarudi. Daktari alisema unaweza kurudi, kwa hiyo naenda Kasese kupimwa mara kwa mara hata nikiwa mzima, na siku hiyo meza yangu hushikwa na yule Mkongomani.