Mlio Mmoja Kutoka kwa Ireri

Enzi zetu, wenzangu mliolelewa upande wa Manyatta huku Embu, simu ilikuwa moja kwa boma zima na ilikuwa na mwenyewe. Kwetu mwenyewe alikuwa Cucu, bibi yangu mzaa mama. Aliifunga kwa leso, leso akaitia kwenye kopo la majani chai, kopo akaliweka juu ya kabati la vyombo ambako mkono wa mtoto haufiki. Ilikuwa kabambe, zile simu ndogo za vibonye, yenye tochi, na ikiisha chaji mjomba wangu Njeru aliipeleka sokoni kwa kinyozi, ikachajiwa pamoja na za wenzake huku watu wakinyolewa. Tuliiogopa kuliko kiboko cha mwalimu mkuu.

Na tulikuwa na haki ya kuiogopa, kwa maana sauti ya mama yetu ilikaa humo ndani. Mama alikuwa ameenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba, akatuacha kwa Cucu mimi na mdogo wangu Ireri. Mimi nilikuwa nimeanza shule. Ireri alikuwa ametoka tu kuachishwa ziwa, hata kuongea hajui. Ukimuuliza mama leo ni nini kilimuuma zaidi kule, hatakutajia kazi wala joto. Aliogopa mtoto wake atakua bila kumjua. Alichotamani ni kusikia Ireri akimwita "Mami", hata mara moja, basi.

Lakini kupiga simu Uarabuni siku hizo, we! Ulikwaruza kadi kwa ukucha, ukabonyeza zile namba ndefu, ukasema "halo, halo, unanisikia?", na kabla hujajibiwa simu imekata, salio limeisha. Watu waliuza kuku wakaishia kununua "halo" tupu. Cucu hakukubali huo upuzi. Alikuwa hajasoma sana, lakini alikaa akafikiria, akatengeneza utaratibu wake, na mimi mpaka leo sijaona mtu wa kumshinda.

Siku za kawaida tuliflashi tu. Mlio mmoja halafu unakata: tuko salama, usipige. Ukirudia mara ya pili papo hapo: piga ukipata nafasi. Mama naye alijibu hivyo hivyo, na hakuna aliyekatwa hata senti. Simu ya kuongea, ile ya kweli, ilikuwa mara moja kwa mwaka, kiwanda kikiwalipa wakulima bonasi ya majani chai. Mwezi huo wanaume wengine walionekana sokoni na koti jipya na sauti mpya. Cucu alinunua mbolea, akatununulia sare za shule, halafu akanunua kadi ya simu.

Jumamosi kabla ya simu kulikuwa na mazoezi. Ndiyo, mazoezi, kama kwaya! Tulikuwa tumetoka kuchuma majani chai, matope mpaka magotini, tunakula githeri ya moto iliyopondewa parachichi, moshi wa kuni unatutoa machozi. Cucu alikaa kwa kigoda chake akiwa na gunzi la mahindi. Gunzi ndilo lilikuwa simu. Kila mtu alilipokea, akaliweka sikioni, akasema lake, akampa mwenzake. Ukisita, unarudi nyuma ya mstari.

Kazi yake kubwa ilikuwa kutupunguzia maneno. Nilisema, "Mama, ng'ombe amezaa." Cucu akasema, "Sasa si atakuuliza amezaa nini? Hayo maswali yanakula pesa. Mjibu kabla hajauliza." Nikaanza upya: ng'ombe amezaa jike, ananyonya vizuri, maziwa tunapeleka kwa lori. Hapo ndipo alipoitikia kwa kichwa kuonyesha imekaa sawa. Maombi pia tuliomba kabla ya kupiga. Mjomba Njeru alipotaka kuomba kwenye laini, aliambiwa kwamba Mungu hahitaji kadi.

Na salamu je? Hapo ndipo nilipomvulia kofia yule mwanamke. Mnajua salamu zetu. Huwezi kumwambia mtu jambo lolote kabla hujamuuliza habari ya nyumbani, ya watoto, ya mifugo, ya mvua, na yeye akuulize zako zote. Kwa simu ya Uarabuni hizo salamu zingemaliza bonasi. Lakini kukosa kusalimia ni tabia mbaya, na Cucu hangeruhusu tabia mbaya bomani kwake. Kwa hiyo tulipanda kwenye ile saruji iliyobeba tangi la maji, mahali pekee palipokuwa na netiwaki, tukamsalimia mama kwa sauti, mmoja mmoja, kabla hatujabonyeza chochote. Mama naye alikuwa ameelezwa atoe zake simu ikishakatwa. Miaka mingi baadaye aliniambia alikuwa akijifungia kwenye chumba cha kufulia nguo, anatusalimia wote kwa majina, mpaka ng'ombe.

Mwaka ninaoukumbuka kuliko yote ni ule Ireri alipokuwa tayari anaongea. Na alikuwa anaongea kama redio! Wiki nzima alitembea na gunzi lake. "Mami, ni mimi Ireri. Nimemea meno. Rudi." Alilisemea shambani, alilisemea chooni, alilala nalo. Cucu alifurahi sana. Alimpanga Ireri awe wa kwanza, salio likiwa bado limenona.

Jumapili tulitoka kanisani moja kwa moja hadi kwenye tangi. Tukasalimia, tukaomba, Cucu akapiga. Mama aliposhika tu, Cucu akasema, "Ireri huyu hapa," akamwekea simu sikioni.

Basi ikatoka sauti: "Ireri? Ireri wa Mami?"

Mtoto akaganda. Macho yakamtoka, mdomo wazi, kimya. Hapo ndipo tulipojua kosa letu. Katika mazoezi yote yale, gunzi halikuwahi kumjibu. Tulimfundisha kuongea, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumfundisha kwamba ataongeleshwa.

Tukamnong'oneza, "Sema Mami! Sema!" Wapi. Mimi nilikuwa na habari zangu za ng'ombe zimenijaa mdomoni, na nilitaka kulia kwa hasira. Mjomba Njeru akanyoosha mkono amnyang'anye simu, kwa sababu pesa zilikuwa zinaenda.

"Mwache," Cucu akasema.

"Lakini mama, salio..."

"Njeru, nimesema mwache. Anamsikiliza mama yake."

Yule Cucu, wa kutukata maneno, wa kutukataza hata kukohoa kwenye laini! Alisimama pale ameshika simu kwenye sikio la Ireri, na kadi ya mwaka mzima ikaisha kwa kimya. Tulimsikia mama kwa mbali akisema, "Namsikia akipumua. Nawasikia, mama." Halafu ikakata.

Ireri akaiangalia ile simu. Akasema, taratibu kabisa, "Mami."

Mjomba Njeru akageuka, akajifanya anaangalia mfereji wa tangi. Mimi nililia wazi, sina aibu kusema. Mama alikuwa ameomba neno moja, na neno limekuja simu ikiwa imekatika.

Kesho yake asubuhi Cucu aliuza mayai, akanunua kadi ndogo kuliko zote. Haikutosha kuongea, ilitosha kuita tu. Jioni akamwita Ireri, akampa simu mkononi, simu ambayo sisi wengine hatukuruhusiwa hata kuipangusa vumbi. Akamwonyesha kibonye cha kubonyeza na kibonye cha kukata. "Hutaki kuongea? Usiongee. Mwite tu." Ireri akabonyeza, ikalia mara moja, akakata. Tukangoja. Simu ikalia mara moja kwenye kiganja chake, ikanyamaza. Ireri aliruka kama ndama.

Tangu siku hiyo, kila jioni baada ya kukamua, Ireri alimwita mama mlio mmoja, na mama akaitika mlio mmoja. Ile kadi ndogo ilikaa miezi na miezi haipungui. Mama anasema alikuwa akipika huku simu imo mfukoni mwa aproni, na ilipolia alijua si Cucu wala si Njeru, ni mtoto wake. Aliporudi nyumbani, Ireri hakujificha nyuma ya mlango kama watoto wengine wanavyofanya kwa mama waliowasahau. Alimkimbilia akimwita kutoka mbali, "Mami! Mami!"

Leo mambo ni rahisi, na sikatai, nashukuru. Msichana wangu Wawira anaongea kwa video na rafiki yake anayekaa nyumba ya pili, saa nzima, na ukisikiliza ni "eeh", "aki", "wacha", "sema", "hakuna". Mtu anatuma ujumbe wa sauti dakika tano, na dakika nne anakohoa. Wangekutana na Cucu na gunzi lake! Wangerudi nyuma ya mstari mpaka giza liingie. Lakini Cucu alishatutoka, na kwenye kopo lake la majani chai sasa mimi ninaweka vifungo vya nguo.

Ireri sasa ni mwanamume mwenye ndevu, naye yuko nje, anaendesha mitambo. Bando anayo ya kumwaga. Jumapili tunamwona uso mzima kwenye simu kubwa ya mama, tunacheka, tunasalimiana mpaka tunachoka.

Lakini siku za kawaida, jioni mama akiwa jikoni anachemsha maziwa, simu yake hulia mara moja, ikanyamaza. Juzi Wawira alikuwa karibu, akaruka kuikimbilia, akamwambia bibi yake:

"Shosho, ni Uncle Ireri! Si ungeshika? Bando iko, ni free!"

Mama akapangusa mikono, akachukua simu, akabonyeza, ikalia mara moja, akakata. Kisha akairudisha mezani, akageukia maziwa yake.

"Tumeshaongea," akasema.