Shahidi wa Ghala la Kimotho

Agneta alikuwa amefundisha fasihi kwa miaka kumi na minane katika shule moja ya wasichana karibu na Misikhu, na hakuwahi kuogopa darasa. Jumatatu ile aliliogopa.

Kidato cha tatu walikuwa wamefika kwenye sura ya mahakamani katika riwaya ya zamani, na alikuwa ametoka kuwaonyesha filamu iliyotokana nayo. Siku ya Alhamisi yeye mwenyewe angepanda kizimbani kule Kitale kutoa ushahidi. Mwezi wa Agosti, akiwa amemtembelea mdogo wake Phelista, alimwona shemeji yake Jairus akitoka mbio nyuma ya ghala la mahindi la jirani yao Kimotho, dumu la mafuta ya taa mkononi. Jairus na Kimotho walikuwa wakigombania mpaka wa shamba. Muda si mrefu ghala lote likawaka moto.

Joy, aliyeketi mbele, aliinua mkono.

"Madam, kwenye kitabu huyu shahidi anasema 'sikumbuki' mara tisa, nimehesabu. Kwenye filamu ni mara moja tu. Kwa nini?"

"Wewe unaonaje?"

"Kitabu kinatuingiza kichwani mwake, tunajua anakumbuka kila kitu. Filamu inatuonyesha uso tu, analia, tunamhurumia. Lakini si mtu alifungwa bure kwa sababu yake? Mimi hata simhurumii."

Wenzake wakacheka. Agneta aligeukia ubao wasije wakauona uso wake. Chaki ikamkatikia vidoleni.

Jioni Phelista alipiga simu.

"Dada, sema tu hukumbuki. Nani atakulaumu?"

"Phelista, nilimwona."

"Jairus anasema ukitoa ushahidi, usikanyage kwangu tena." Kisha akaongeza, "Na anasema shule yako anaijua."

 Tangu hapo kila pikipiki iliyopunguza mwendo nyuma ya Agneta ilimshtua. Hata hivyo Alhamisi alienda.

Agneta alipanda kizimbani. Jairus alimkazia macho. Nyuma yake aliketi Phelista, ameinama.

"Ni miezi mingi, mwalimu," wakili wa Jairus alisema kwa upole. "Si ajabu umesahau ulimwona nani."

Neno lilikuwa tayari ulimini, jepesi kabisa. Angelitamka, angekuwa nyumbani kabla ya jua kuzama. Hakimu aliinua kichwa, akamtazama.

"Nakumbuka," alisema. "Alikuwa Jairus. Dumu lilikuwa la njano. Alisimama, akanitazama, halafu akakimbia."

Siku ya hukumu Jairus alifungwa miaka minne. Nje ya mahakama Kimotho alimshika mkono Agneta. Phelista alipita karibu nao kana kwamba hakuwaona.

Agneta bado anafundisha. Amebadilisha njia ya kurudi nyumbani, na mlango huukagua mara mbili. Kila Jumapili baada ya ibada humpigia mdogo wake. Simu huita mpaka inakatika.