Medali ya Baba Yake Haboba

Limau likigusa jivu, harufu yake hunirudisha mtaani Munuki, Juba, kwenye Jumamosi moja ambayo mpaka leo sijajisamehe.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumerudi Juba kutoka Uganda, na ndugu yangu mchanga alikuwa amemaliza wiki tatu bila jina. Haboba, ndiyo bibi yangu, alitaka apewe jina la baba yake, askari wa Waingereza aliyefariki haboba akiwa bado anabebwa mgongoni. Shida ni kwamba ukoo mzima ulimwita Askari tu, na wazee waliojua jina lenyewe walishazikwa. Ilibaki medali yake ya vita, nyeusi tititi. Opio, mnunuzi wa medali za kikoloni, akamwambia haboba sokoni kuwa jeshi lilichonga jina la mwenyewe ukingoni. Angekuja na kioo chake cha kukuzia alisome, na medali aitie bei.

Hayo ya jina sikuambiwa. Nilisikia tu kwamba mgeni anakuja kuitazama medali, na haboba akafagia ua mara tatu asubuhi hiyo hiyo. Wasiwasi wake ukaniingia. Medali chafu namna hii si itatuaibisha? Sufuria zangu zilikuwa zikisifiwa na majirani, basi nikachukua jivu, limau na kipande cha tofali, nikasugua mbele, nyuma, mpaka ukingoni. Ikang'aa, nami nikajiona fundi.

Opio alishuka kwenye bodaboda, akaishika, akaguna.

"Mama, nani nasugua hii? Yenye iko nyeusi ndio iko na bei."

"Bei wacha," haboba akamjibu. "Wewe soma jina."

Akaizungusha chini ya kioo taratibu. Tarakimu tatu zilionekana, kisha ukingo mtupu. Haboba akatazama mikono yangu, halafu akamgeukia mgeni.

"Ni mimi nilisugua. Maji ilisha mwagika."

Mtoto akabatizwa Emmanuel. Haboba hakuniuliza kitu, na miaka mingi nilijitetea kwamba sikujua. Ukubwani ndipo nilipokubali ukweli unaonikosesha raha: zile alama ndogo niliziona. Haboba hakujua hata herufi moja, mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwa kusoma. Nilizidhani uchafu, nikazifuata moja moja kwa tofali mpaka zikaisha. Mtu wa mwisho kuliona jina la baba yake haboba ni mimi, na sikulisoma.