Kipande cha Gunia Chini ya Boti

Mashine ya boti ikipata moto, anza kutazama maji yanapoingilia. Nimewafundisha hivyo vijana wengi, na wengine hunicheka kwa kulirudia neno hilohilo kila siku. Waache wacheke.

Miaka miwili mitatu kabla ya Mapinduzi nilikuwa nahodha na fundi wa boti ya mashine, mali ya tajiri mmoja wa kijijini kwetu, pwani ya magharibi ya Pemba. Barabara ya gari haikutufikia. Karafuu, wagonjwa, maharusi, wote walikwenda Chake Chake kwa boti ile. Mashine yake ilipozwa kwa maji ya bahari: pampu huyavuta kupitia tundu lililo chini ya boti, yakazunguka ndani ya chuma, kisha yakatemwa ubavuni pamoja na moshi.

Msimu wa karafuu ulinitia adabu. Makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, yalianikwa mpaka ukingoni mwa gati, na mafagio ya watu yakayasukumia baharini. Pampu yangu ikayavuta, na mabawa yake ya mpira yakakatika mara mbili. Basi siku moja maji yametoka, boti imekaa mchangani, nikakata kipande cha gunia nikakifunga kwa kamba juu ya lile tundu, kiwe chujio. Tajiri alinisifu mbele ya watu. Nikavimba kichwa.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, mke wangu alishikwa na uchungu wa mimba yetu ya kwanza. Mkunga alitoka chumbani akaniambia mtoto kakaa vibaya, yeye hamuwezi, twende hospitali ya Chake Chake na tuwahi. Kila mtu kwetu alijua maana ya kuwahi. Hori ya Chake Chake, ule mkono wa bahari unaoingia mpaka mjini, hukauka maji yakitoka, likabaki tope na mikoko, boti haipiti. Siku ile tulikuwa na muda wa kutosha, mradi tusisimame njiani.

Tulimlaza mke wangu kwenye mkeka, kichwa mapajani mwa mama yake. Hatujafika nusu ya safari, mshale wa joto ukapanda. Nikasikia harufu ya rangi inayoungua. Nikachungulia ubavuni: moshi mkavu, maji yanadondoka matone tu. Nikazima mashine.

"Kuna nini, mwanangu?" mama mkwe akauliza.

"Mashine yawaka moto, mama. Sambi hivi, sasa hivi, naitengeneza."

Nikashika mkanda wa pampu, umekaza. Nikafungua pampu, nikaungua vidole, mabawa yote mazima. Nikavua mipira ya maji mmoja mmoja, nikaipuliza kwa mdomo, ikapitisha. Nikaitukana mashine. Nikamkaripia baharia wangu, mtu mzima kunishinda, eti kasimama akanizibia mwanga. Yeye akasema kwa upole, "Fundi, nizame nikatazame chini?"

Nikamwambia chini hakuna kitu, chini nimeweka chujio mwenyewe.

Mke wangu hakupiga kelele. Aliuliza mara moja tu, "Bado?" Nami nikamjibu bado kidogo. Nikaanza kulegeza boliti za kifuniko cha silinda, kazi ya nusu siku, na ndipo nilipotazama mikoko ya ufukweni nikaona mizizi yake imeanza kuchomoza. Maji yalikuwa yanatoka. Nikaitupa spana, nikajirusha baharini na nguo zangu.

Nilipapasa chini ya boti. Gunia lilikuwa limevimba, limeshiba tope na makonyo, gumu kama ngozi ya ngoma. Nililikata kwa kisu nikaliacha lizame. Nikapanda, nikarudisha pampu na mipira, nikakaza zile boliti, mashine ikawaka, ikatema maji mengi, na mshale ukashuka. Sijapata kuona mashine ikienda vizuri namna ile, na niliichukia.

Tulikwama ndani ya hori, mji tunauona juu kilimani. Mimi, baharia na wavuvi wawili waliotuonea huruma tulimbeba kwa turubai, tope mapajani, mama yake nyuma yetu akisoma dua kwa sauti. Hospitali walimtoa mtoto mzima, wa kike. Mke wangu alifariki alasiri ile.

Kwenye matanga mama mkwe aliwasimulia watu, "Mkwe wangu kajitupa baharini na nguo zake. Mwanamume gani afanya vile?" Watu wakanijia mmoja mmoja kunipa mkono. Niliinamisha kichwa. Walidhani ni huzuni, na huzuni ilikuwepo, nyingi sana. Baharia alinitazama, na habari ya gunia hakumwambia mtu mpaka anaingia kaburini.

Mama mkwe alimlea binti yetu. Kila usiku wa Ijumaa, akimaliza Yasini, aliniombea Mungu anilipe kheri kwa nilivyohangaika siku ile. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho aliniita, akanishika mkono, ule wenye kovu la pampu.

"Mwanangu," akasema, "usijitese. Siku ile hukubakisha kitu, kila mahali ulitazama."

"Ndiyo, mama," nikamjibu.