Sauti Yangu Ilikwenda Pwani Bila Mimi

Mjukuu wangu alipotaka kwenda kuteleza juu ya mawimbi, mtu wa kwanza kuambiwa ni mimi. Alikuwa akikaa kwangu hapa Ibra, Oman, kwa ajili ya chuo. Baba yake, mwanangu, ana kazi Nizwa, na huko ndiko aliko mkewe na watoto wadogo. Basi msichana akanijia jikoni nachambua mchele.

"Bibi, iko mahali moja, Ashkhara, ukishapita Jaalan. Joto likivunjika mawimbi yake bado makubwa. Mimi na wenzangu watatu tunataka kwenda. Unasimama juu ya ubao, wimbi linakupeleka."

"Linakupeleka wapi?"

"Pwani."

"Na ulianzia wapi?"

"Pwani."

"Safari njema hiyo," nikamwambia. Akacheka mpaka akakaa chini.

Baba yake hakucheka. Aliposikia kwenye simu alisema wasichana wanne, bahari, kulala nje, hilo halipo. Mimi ndiye niliyemtetea. Nilimwambia mwanangu: mimi nimezaliwa Unguja, nilijua kuogelea kabla sijajua kusuka ukili, na sijaona mtoto aliyeharibika kwa maji ya chumvi. Kama shida ni kulala, nyumba ipo. Na kama shida ni nani atakuwa nao, mimi nipo.

Nyumba ipo kweli. Tulipokuja Oman mara ya kwanza tulikaa Aija, kule Sur ng'ambo ya khori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini. Jirani yangu akajifungua, akaugua, maziwa yakakauka. Mimi nilikuwa na mwanangu kifuani, basi nikamnyonyesha na wa kwake, mwaka mzima, huyu huku na yule huku. Kwetu hilo si jambo dogo. Yule mtoto ni mwanangu, na mwanangu ni ndugu yake, na mjukuu wangu kwake ni mtoto wa ndugu, anaingia nyumbani mwake na kuvua mtandio. Leo ni mtu mzima, ana ndevu nyeupe kuliko nywele zangu, na nyumba yake iko hukohuko Ashkhara. Miaka sita sijamwona, tangu mguu wangu ulipoanza kuniuma. Kila Idi ananipigia, ananiita mama kwa Kiarabu chao. "Yumma, utakuja lini?" Namwambia inshallah.

Mwanangu aliposikia tutalala kwa ndugu yake, sauti yake ikashuka. Kisha akasema, "Kama wewe upo, Mama, mimi sina neno." Hakusema kama mama yake msichana yupo, wala kama mwalimu yupo. Alisema kama mimi nipo.

Tukaanza kupanga, na mimi nilipanga kuliko wao. Nilimpigia mwanangu wa Ashkhara, akasema atatafuta samaki mwenyewe, asinunue wa jana. Niliagiza tende za Bidiya na bakuli la halwa la kumpelekea mkewe. Nikamshonea msichana mtandio wa kuogelea, nikautia lastiki nyuma ya masikio ili wimbi lisimvue mbele za watu. Alijaribu kwenye kioo, akatikisa kichwa kama mbuzi aliyenyeshewa, mtandio haukutoka. "Bibi, ungeuza hivi ungekuwa tajiri." Nilifurahi. Sioni haya kusema. Nilikuwa nataka kumwona amesimama juu ya hilo libao lake.

Jumatano baada ya alasiri akaja na simu.

"Bibi, barabara ile simu hazishiki. Baba akikosa habari atapasuka roho. Sema hapa neno moja, mimi nitamtumia kesho tukiwa njiani, popote mtandao utakaposhika."

Mimi kuandika kwenye simu siwezi. Chuoni nilihitimu msahafu, skuli sikukaa. Mambo yangu yote na mwanangu ni ya sauti, na ni ya Kiswahili. Kiarabu tunasema na kila mtu. Kiswahili tumekiweka kwa mambo ya ndani. Nikisema kwa Kiswahili mwanangu hanihoji. Basi nikasema: "Mwanangu, inshallah kesho tutakuwa njiani mimi na watoto, usitie wasiwasi."

Akaifuta. "Sivyo, Bibi. Sema kama tumo njiani. Ukisema kesho na yeye anasikia kesho, atachanganyikiwa."

Nikaona lina maana. Nikasema tena: "Mwanangu, niko nao, tumo njiani, salama, usitie wasiwasi." Sikutia inshallah, maana halikuwa na pa kukaa. Umri wote huu sijapata kulisema la kesho bila ya neno hilo, na siku hiyo nililiacha kwa sababu mtoto kaniambia.

Alhamisi asubuhi alitoka na begi la chuo. Akanibusu mkono. "Saa tisa tutakuja kukuchukua, Bibi. Uwe tayari." Nilimwambia mimi nimezaliwa tayari.

Saa nane nilikuwa nimeshavaa. Kapu nililiweka mlangoni: tende, halwa, chupa ya kahawa, mkate wa kumimina nilioupika alfajiri, dawa zangu na msala. Nikakaa kwenye kiti cha barazani. Saa tisa ikapita. Nikasema wasichana, wanajipamba. Nikaingia kusali alasiri, nikatoka, nikakaa. Nilimpigia, simu haikushika. Nikasema labda gari imeharibika, nikaanza kumwombea dua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, zile dua.

Saa kumi na moja simu ikalia. Mwanangu, kutoka Nizwa.

"Mama, mmeshafika Ashkhara? Mbona kimya?"

"Nani kafika Ashkhara?"

"Si nyinyi? Sauti yako nimeipata tangu saa tano."

Nilitazama kapu. Sisimizi alikuwa keshaijua halwa.

Saa tano ile mimi nilikuwa nyumbani nakunja nguo. Kwa hiyo walikwenda asubuhi, na mimi niliambiwa saa tisa ili nisiwe na la kuuliza mpaka wafike. Nilijua yote mara moja, mwanangu bado yuko kwenye simu, anasema "Mama? Mama?" Ningeweza kumsitiri. Neno lenyewe nilishalisema kwa kinywa changu, kazi ilikuwa kunyamaza tu. Lakini msichana yuko baharini na baba yake anadhani nimekaa ufukweni namtazama.

"Sipo nao," nikamwambia. "Niko Ibra. Nimeachwa."

Akasema, taratibu, "Lakini Mama, ulisema."

"Nilisema jana."

Baada ya hapo sikuwa na kazi tena. Yeye alimpigia ndugu yake, na ndugu yake akatoka na gari akawakuta wasichana kwenye kambi ya mahema, mbao zimesimamishwa mchangani. Hakuwagombeza. Aliwachukua wote wanne akawapeleka kwa mkewe, wakala samaki aliyenitafutia mimi. Akanipigia. "Yumma, wamekula. Wewe ndiye hukuja." Mkate wa kumimina niliwapa majirani.

Jumamosi msichana akarudi, pua imebabuka kwa jua. Akapiga magoti akanishika mguu, ule mbovu.

"Nisamehe, Bibi. Wenzangu walisema ukiwepo hawatakuwa huru."

"Na wewe ulisema nini?"

Akaanza kunikanda mguu.

"Nakuuliza. Wao si wajukuu zangu. Wewe ulisema nini?"

"Nilisema nitajua la kufanya."

"Ulijua."

Akalia. Nilimwacha alie, kisha nikamwambia ainuke akaoge, ananuka mwani. Kwenye kamba ya nguo nikauona ule mtandio wa lastiki, umekauka kwa chumvi. Aliuvaa. Sijui nifurahi au nifanyeje.

Nimemsamehe, maana ni mtoto na Mungu anasamehe makubwa zaidi. Chakula napika, namwekea. Ila kuna kitu kimoja hakurudi nacho.

Wiki hii nilimtumia mwanangu sauti, kama kawaida yetu: nimeshapata dawa zangu, sijambo, usitie wasiwasi. Zamani angejibu "Alhamdulillahi" na mambo yakaisha. Haikupita dakika, simu ikalia, ile ya picha. Nikaona uso wake.

"Hujambo, Mama? Nataka kukuona tu."

"Nimekwambia sijambo."

"Najua, Mama." Akatazama nyuma yangu, ukutani, mlangoni, mezani penye dawa. "Zigeuze kidogo hizo dawa nizione."

Nikazigeuza.